Mafuta ya senene yanayokereketa koo: uchambuzi wa kisa kimoja

Malalamiko yalikuja kwa simu. "Dada, haya mafuta yako yanakereketa koo, halafu yana harufu ya rangi ya mlango." Aliyepiga yuko Dar es Salaam, aliyepigiwa anakamua mafuta ya senene, wadudu wa jamii ya panzi wanaoliwa, huko Bukoba na kuyauza kwa chupa za nusu lita. Katika mkupuo mmoja wa Desemba alipata lita 6, chupa 12. Wiki sita baadaye chupa 4 zilikuwa zimerudishwa, nyingine bado zimepangwa dukani karibu na dirisha, na mwenyewe ana maelezo matatu kichwani: moto ulizidi, chupa hazikukauka vizuri, au kuna mtegaji alimchanganyia senene wa jana.

Kisa hiki ni cha mfano. Tumekipanga kwa kufuata namna kazi hii inavyofanyika Kagera, na namba za vipimo tumezichagua ili hesabu ifuatike hatua kwa hatua. Kemia yake na viwango vinavyotajwa ni vya kweli.

Yale maelezo ya tatu ndiyo yanakaribia jibu, ila si kwa namna alivyofikiri. Senene wake wote walikuwa wa jana.

Mafuta yenyewe

Senene (Ruspolia differens kwa jina la kisayansi) ana mafuta mengi kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi wa senene wa Kenya uliochapishwa 2010 ulikuta kwamba katika gramu 100 za senene mkavu, gramu 46 hadi 48 ni mafuta, na protini ni gramu 43 hadi 44. Akiwa mbichi, karibu theluthi mbili za uzito wake ni maji. Kwa hiyo kilo 60 za senene waliokwisha kuondolewa mabawa na miguu hubeba kilo 20 hivi za kitu kikavu, na ndani yake kilo 9 za mafuta. Lita 6 alizokamua dada huyu ni kama kilo 5.5, maana lita moja ya mafuta ina gramu 910 hivi. Amepata zaidi kidogo ya nusu, na iliyobaki imekaa kwenye machicha. Kwa mashine ya kukamulia kwa mkono hayo si mavuno mabaya, na wala tatizo haliko hapo.

Wingi huo ndio unaomfanya senene ajikaange mwenyewe. Ukimweka kwenye karai na maji kidogo na chumvi, kwanza unasikia kutokota. Maji yakiisha mlio unageuka kuwa wa kutatarika, na mafuta yanaanza kung'aa chini bila mtu kuongeza hata kijiko.

Kati ya asidi za mafuta zilizomo, inayoongoza ni oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Kwa kawaida inachukua karibu 40 katika 100. Inayofuata ni palmitiki, karibu 30, kisha linoleiki karibu 15, steariki chini ya 10, na alfa-linoleniki kidogo tu. Namba hizi hupanda na kushuka, kwa sababu senene huweka mwilini sehemu ya mafuta ya chakula alichokula. Majaribio ya kuwafuga kwa vyakula tofauti yameonyesha hivyo waziwazi: ukibadilisha chakula, mafuta nayo yanabadilika. Kwa hiyo lebo iliyonakiliwa kutoka kwenye mkupuo wa mtu mwingine haiaminiki sana.

Kwa msomaji aliyezoea mawese ya Kigoma na alizeti ya Singida, senene anakaa katikati. Mawese yana palmitiki zaidi ya 40, na alizeti ya kawaida ina linoleiki inayoweza kufika 60. Palmitiki ya senene inatosha kuyafanya mafuta yake yagande kidogo chini ya chupa asubuhi ya baridi pale ziwani Victoria, kama samli nyepesi. Mnunuzi mmoja alidhani ameuziwa mchanganyiko na mawese. Hapana. Ukiiweka chupa hiyo kwenye maji ya vuguvugu mafuta yanakuwa maangavu tena, na kuganda kwa namna hiyo hakuna ubaya wowote.

Palmitiki na oleiki ni asidi tulivu. Inayotia wasiwasi ni ile 15 ya linoleiki. Wakemia wa mafuta hukadiria kwamba oleiki ikipewa kasi ya 1 katika kuungana na oksijeni, linoleiki ina 12 hivi, na alfa-linoleniki 25 hivi. Zidisha: oleiki 40 kwa 1 ni 40, linoleiki 15 kwa 12 ni 180, alfa-linoleniki, tuseme 2 kwa 25, ni 50. Kiasi kidogo kabisa kinazidi kile kikubwa kwa kuchacha. Anayesema "mafuta haya ni kama ya zeituni, yatakaa tu" ameangalia nusu ya hesabu.

Kwa lishe, mafuta ni mafuta: gramu moja kilokalori 9, kijiko cha mezani kama kilokalori 120. Linoleiki na alfa-linoleniki mwili hauwezi kuzitengeneza, na senene anazitoa zote mbili. Vitamini E nayo imo, na hiyo pia huyalinda mafuta yenyewe. Tena kuna steroli, jamii ya kemikali ambayo kolesteroli ni mojawapo. Tofauti na sisi, wadudu hawawezi kujitengenezea steroli. Huzitoa kwenye majani wanayokula, nyingine wakazigeuza kuwa kolesteroli. Kwa hiyo mafuta ya mdudu hubeba kolesteroli pamoja na steroli za mimea, jambo usilolikuta kwenye alizeti. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha 2020 kazi ya kuoka biskuti kwa mafuta ya nzige wa jangwani na ya senene, wakayalinganisha na ya zeituni na ufuta. Mafuta hayo ya wadudu yana nafasi jikoni, si kwenye mabanda ya kuku peke yake.

Usiku wa mtego na mchana wa kuchambua

Sasa tuufuate mkupuo wenyewe. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba. Taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa, senene wanagonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Wa kwanza waliingia pipani saa 3 usiku. Alfajiri wakahamishiwa kwenye viroba, vikafungwa mdomo, vikapakiwa juu ya bodaboda hadi mjini. Kazi ya kunyonyoa mabawa na miguu ilianza saa 2 asubuhi kwa mikono ya akina mama sita, ikaisha saa 8 mchana. Waliochambuliwa mapema walisubiri kwenye beseni mpaka kilo 60 zikamilike ndipo sufuria ikawekwa motoni. Senene wa saa 3 usiku aliuona moto saa 8 mchana: saa 17.

Ingiza mkono katikati ya kiroba kilichojaa senene alfajiri utakuta joto na unyevunyevu. Wa katikati wamekufa kwa kubanwa, wa pembeni bado wanapumua. Mdudu akifa, vimeng'enya vyake havifi naye. Kuna lipasi, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukata molekuli ya mafuta. Molekuli hiyo, trigliseridi, ni gliseroli moja iliyobeba asidi tatu. Lipasi ikiwa na maji na joto huzikata moja baada ya nyingine, zikabaki zinaelea huru. Mdudu akiwa hai, lipasi na mafuta vimetenganishwa. Akibanwa, au akipasuka tumbo wakati wa kunyonyolewa, vinakutana. Na theluthi mbili za mwili wake ni maji, kwa hiyo kila kinachohitajika kipo tayari.

Asidi huru haionekani wala haina harufu kali. Mafuta ya nazi yakiharibika hivi hutoa ladha ya sabuni, kwa sababu asidi zake ni fupi, na mafuta ya funza wa nzi askari mweusi (BSF), yenye asidi fupi ya lauriki kwa wingi, huonja vilevile. Asidi za senene ni ndefu. Zenyewe hukereketa tu, nyuma kabisa ya koo, sekunde chache baada ya kumeza. Mpishi akiyaonja kwa ncha ya ulimi anayapitisha.

Vipimo viwili, sampuli mbili

Bahati moja ilikuwapo. Siku ya kukamua, chupa ndogo ya mafuta iliwekwa kwenye friji, gizani, imejazwa hadi mdomoni. Tuiite A. Chupa iliyorudi kutoka rafuni baada ya wiki sita ni B. Bila A kisa hiki kisingetatulika, na hiyo ndiyo sababu ya kumsihi kila mkamuaji aweke akiba kama hiyo kwa kila mkupuo.

Kipimo cha kwanza ni namba ya asidi, inayoonyesha wingi wa asidi huru. Gramu 5 za mafuta zinayeyushwa kwenye mililita 50 za ethanoli ya moto iliyokwisha kuondolewa uchachu wake, matone machache ya kiashirio cha fenolftalini yanaongezwa, kisha hidroksidi ya potasiamu ya 0.1 N (N ni kipimo cha ukali wa myeyusho) inadondoshwa kwa bureti huku unatikisa, mpaka rangi ya waridi ikae sekunde 30. Maabara ya sekondari yenye mizani nzuri inaweza. Hesabu: 56.1 mara mililita zilizotumika, mara 0.1, gawa kwa 5.

Sampuli A ilikula mililita 9.8, yaani namba ya asidi 11.0. B ilikula 10.3, yaani 11.6.

Kipimo cha pili ni cha peroksaidi, bidhaa za mwanzo za oksijeni kuungana na mafuta. Hiki tumwachie mwenye maabara kamili, maana kina viyeyusho vyenye sumu: mafuta yanachanganywa na asidi asetiki na kiyeyusho, iodaidi ya potasiamu inaongezwa, peroksaidi zinaifungua iodini, na iodini inapimwa kwa tiosulfati ya sodiamu ya 0.01 N na kiashirio cha wanga mpaka bluu ipotee. Baada ya kutoa kipimo kitupu, yaani kile kinachofanywa bila mafuta, A ilitumia mililita 1.5 na B 13.0. Kwa gramu 5 hizo ni miliekwivalenti 3 na 26 kwa kilo.

Kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa mafuta ya kula yasiyo na kiwango chao maalumu (CXS 19-1981) kinaruhusu mafuta yasiyosafishwa kiwandani yawe na namba ya asidi isiyozidi 4.0 na peroksaidi isiyozidi 15.

Sasa tazama namba hizo nne pamoja. Asidi ilikuwa 11 siku ileile ya kukamua, na rafu iliongeza 0.6 tu. Kukereketa koo kulizaliwa kabla ya chupa, kabla hata ya sufuria. Peroksaidi ilikuwa 3 siku ya kwanza ikapanda hadi 26. Harufu ya rangi ya mlango ni ya rafu. Ni makosa mawili tofauti yaliyokutana kwenye chupa moja, na dawa ya moja haitibu jingine. Dada huyu angehamishia chupa gizani peke yake, mnunuzi angeacha kulalamikia harufu, koo likabaki palepale.

Hapa kuna mtego. Peroksaidi hazidumu, zikizeeka huvunjika kuwa aldehaidi, na aldehaidi ndizo zinazonuka. Mafuta ya miezi mingi yanaweza kupimwa peroksaidi 5 huku yananuka kabisa. Namba ndogo haiyasafishi mafuta ya zamani. Pua ibaki na kura yake, na penye fedha kipimwe pia kipimo cha anisidini kinachoonyesha hizo aldehaidi.

Moto je? Angekuwa ameyaunguza, A ingekuwa na rangi ya kahawia na harufu ya kuungua tangu mwanzo. Ilikuwa ya manjano. Moto anaachiwa huru. Maji ya chupani yana kosa dogo: sampuli zote mbili zilipowekwa kwenye kipande cha karatasi na kuwashwa, karatasi ya B ilitatarika, dalili kwamba kuna unyevu, ya A ikaungua kimya. Unyevu huo unaweza kueleza sehemu ya ile 0.6. Lakini 0.6 haiwezi kubeba lawama ya 11.

Kilichoharakisha rafuni ni vinne: chupa nyeupe ya plastiki, mwanga wa dirisha, hewa ya robo chupa iliyoachwa juu, na mashapo meusi chini. Mashapo ni vipande vya mwili wa senene, vyenye chuma cha asili, na chuma hata kidogo sana husukuma oksijeni. Karai lenye kutu hufanya hivyohivyo, na shaba ni mbaya zaidi. Asidi huru nazo huchangia, kwa hiyo kosa la kwanza lilimsaidia la pili.

Kinachobadilishwa

Kinachookoa mafuta ni maji yanayochemka, mapema. Lipasi ni protini. Ikichemshwa inakufa na hairudi. Tafiti za funza wa nzi askari mweusi zimeonyesha kwamba kuwazamisha kwenye maji yanayochemka chini ya dakika moja hushusha sana asidi huru, kuliko kuwaua kwa kugandisha polepole. Barafu inaichelewesha lipasi, na ikiyeyuka kazi inaendelea.

Kwa Bukoba kikwazo ni kunyonyoa. Huwezi kungoja kilo 60. Panga kazi kwa mafungu: beseni la kilo 2 likikamilika linaingia kwenye sufuria yenye lita 10 za maji yanayochemka kwa nguvu. Uwiano wa kilo 1 kwa lita 5 ni wa lazima, vinginevyo maji yanapoa, na badala ya kuiua lipasi unaipa joto inalolipenda. Hesabu dakika 5 tangu maji yaanze kuchemka tena. Muda huo unapunguza pia bakteria. Epua kwa chujio, tandaza juu ya wavu, na mafuta yanayoelea juu ya maji yaenguliwe. Wale wasubirio kunyonyolewa wakae kwenye matenga yenye hewa, tabaka jembamba, kivulini, wakiwa hai kadiri inavyowezekana. Kiroba kilichofungwa mdomo kisitumike. Mtegaji anayeleta saa 6 usiku alipwe zaidi kuliko anayelimbikiza hadi alfajiri. Bei hiyo inajilipa.

Pipa nalo liulizwe historia yake. Mafuta huyeyusha kila kitu cha jamii yake, kwa hiyo pipa lililobeba oili ya gari au dawa ya shamba linaiachia uchafu ngozi ya senene, na uchafu huo unaishia kwenye chupa, si kwenye machicha. Hakuna kuchuja kutakakouondoa.

Baada ya kuchemsha, kausha kwa moto mdogo kwenye sufuria isiyoshika kutu hadi mlio wa maji uishe, kamua wakiwa bado moto, kisha acha mafuta yatulie saa 24 kwenye chombo kirefu chenye kifuniko. Mimina ya juu taratibu, acha vidole viwili vya chini, chuja kwa kitambaa kizito. Yapashe tena hadi nyuzi 105 kwa dakika chache mpaka mapovu madogo yakome, funika yapoe, jaza chupa ya kioo cheusi au kopo hadi mdomoni. Jaribu karatasi kabla ya kufunga.

Mkupuo uliofuata kwa mpango huu ulikula mililita 2.0 kwa gramu 5: namba ya asidi 2.2. Tangawizi na kitunguu, alivyotaka kuongeza mwanzoni, vingeficha harufu siku mbili na asidi ikabaki 11.

Chupa zilizorudi zisiuzwe kwa bei ya chini wala zisipewe kuku wa jirani. Zinafaa kwa sabuni, ambako asidi huru si hasara. Kwa kilo 1 ya mafuta haya, ukichukua namba ya usabunifu ya 190 (miligramu za hidroksidi ya potasiamu zinazogeuza gramu moja ya mafuta kuwa sabuni), soda kali, yaani hidroksidi ya sodiamu, inayohitajika ni gramu 135. Punguza hadi 126 ili sabuni isiunguze ngozi. Soda inamiminwa kwenye mililita 300 za maji baridi, kamwe si maji juu ya soda, ukiwa na glavu na miwani. Sabuni hiyo huweza kutoa madoa ya rangi ya chungwa baada ya miezi, kwa sababu kuchacha hakukuisha kabisa. Itumike mapema kwa kufulia.

Limebaki jambo la lebo. Chupa zake ziliandikwa "yenye protini, chuma na zinki". Hivyo vyote vimebaki kwenye machicha. Ukitoa theluthi mbili za mafuta kwenye senene mkavu, gramu 100 zinakuwa 68 hivi, na protini ileile ya 43 inafika karibu 63 katika 100, ingawa sehemu ya naitrojeni inayopimwa hapo ni ya ganda, yaani kitini, si protini. Unga wa machicha ndio wenye haki ya maneno yale. Chupa iandikwe mafuta ya senene, tarehe ya kukamua, namba ya asidi, "hifadhi gizani", na onyo kwa wenye mzio wa kamba na kaa: mafuta yaliyochujwa kwa kitambaa bado hubeba chembe za protini za mdudu, na protini hizo zinafanana na za kamba kiasi cha kuuchanganya mwili.